Majina Yaliyotoka Ghalani

Zena Fakihi alipofika kwa mara ya kwanza kwenye ofisi ya Chama cha Ghalani, nje kidogo ya mji wa Masasi kwenye njia ya Lisekese, alikuwa na nia moja tu: kutoka na vitu vingi kwa bei ya kutupa. Mama Twahiru, kama walivyomwita wenzake, alikuwa mnunuzi wa vitu chakavu. Alianza kwa kuokota magunia yaliyochanika na kuyashona, mpaka akafika mahali pa kuviuzia vyama vya wakulima wa korosho magunia na kamba. Hakusoma mbali, na hakupoteza muda kulijutia hilo. Alichokijua ni kusoma nyuso za watu wanaouza.

Siku hiyo chama kilikuwa kinasafisha stoo. Kulikuwa na mzani uliopinda, meza yenye mguu mmoja uliovunjika, rundo la magunia, na kompyuta ya zamani iliyokuwa imefunikwa kanga. Aliyempokea alikuwa katibu, Selestina Abrahamu, mwenyeji wa Lulindi, ambaye wanachama walimwita Mama Ethel, wa ukoo wa walimu wa kanisa, mrefu, gauni lake la kitenge limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Mzani huu naubeba kwa kukuonea huruma tu, mama," Zena akaanza. "Meza hii ni kuni. Na hiyo kompyuta sijui hata kama inawaka."

Selestina akamtazama.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi nitaongeza kidogo."

Selestina akaendelea kumtazama, kwa upole tu, kama mtu anayesubiri chai ipoe. Hakutaja bei, hakukataa, hakutikisa kichwa. Kimya kiliporefuka, Zena akajikuta ameongeza tena bila kuombwa. Wakati mzigo unapakiwa kwenye bajaji alishatambua kwamba amelipa kuliko alivyopanga, na kwamba mwanamke huyu hakuwa amesema maneno yanayojaza kiganja.

Katikati ya mazungumzo yao simu ya ofisi iliita. Selestina alisikiliza, akaiziba kwa mkono.

"Naomba utoke, ukae barazani kidogo, mama."

Zena akatoka, ila dirisha lilikuwa wazi na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Shikamoo, baba... Nakusikia, ndiyo. Sasa niambie lile neno." Pakawa kimya. "Haya, ni wewe. Salfa yako ya mikorosho ipo, mtume mtu aje aichukue."

Zena aliporudi ndani aliuliza ni neno gani hilo.

"Jina la kabla ya jando," Selestina akasema. "Au la kabla ya unyago, kama ni mwanamke."

Zena alikuwa Mmakonde wa Newala, kwa hiyo hakuhitaji maelezo. Huko kwao mtoto anaingia jandoni na jina moja na kutoka na jingine, na lile la zamani linabaki kulekule porini. Wengi wanakuwa wamepewa majina mabaya kwa makusudi, Jalala, Majivu, Matope, hasa kama ndugu zao waliowatangulia walikufa, ili kifo kiwadharau kiwapite. Ukishakuwa mtu mzima hakuna anayekuita hivyo. Atakayethubutu anakulipa kuku, na kuku mwenyewe awe mzima, mwenye manyoya yote.

Kumbe ndivyo Ghalani ilivyokuwa ikiwatambua watu wake kwenye simu. Wanachama walikuwa wengi na majina yao yalifanana: akina Bwanali watatu kwenye kitongoji kimoja, akina Alfani hata usiwahesabu. Laini za simu walibadilisha kama viatu. Namba ya siri waliisahau kabla ya kufika nyumbani. Lakini jina aliloitwa utotoni hakuna anayelisahau, na hakuna anayelitaja ovyo. Wazo lilikuwa la Selestina. Alikwenda kwa kila mwanachama, akalipokea jina kwa kunong'onezwa, akaliandika kwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. Watu walimpa kwa sababu alikuwa yeye. Miaka kadhaa hakuna aliyetapeliwa, na wakulima wa mbali walihamia Ghalani kwa sifa hiyo tu: kule mali yako haichukuliwi na mwingine.

Kufuli zuri hili, Zena aliwaza. Na halikugharimu hata shilingi.

Kompyuta aliipeleka Newala, akaiuza sokoni kwa Sultani, kijana mwenye duka la steshenari, anayechapa barua na kuwajazia watu nyimbo kwenye simu. Faida ilikuwa ya kuridhisha. Faida kubwa zaidi Zena alikuwa ameipata palepale ofisini: Selestina alikuwa amemwagiza magunia ya msimu ujao, mzigo mkubwa kuliko wote aliowahi kupata. Basi akarudi kwenye kushona, akaajiri washonaji wawili, akakopa kitambaa. Kuanzia hapo alikuwa amefungwa kamba moja na Ghalani. Wakulima wakileta korosho kule, magunia yanatoka. Wasipoleta, yanalala kibandani yakitafunwa na panya.

Habari zilimfikia kwa njia ya kicheko. Alikuwa Newala kununua mikeka, wenye baiskeli wanauza maji kwa madumu kama kawaida ya mji ule, mara mpiga debe mmoja akamwita mzee mmoja mwenye heshima zake, mfanyabiashara wa choroko, kwa sauti ya kufika bondeni Ruvuma:

"Wewe Chura! Chura wa mama! Hujambo?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee yule akasimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Halafu akaondoka bila kuchukua choroko zake.

"Huyo kijana hajipendi?" Zena akamuuliza mama muuza mikeka.

"Aa, weye hujaona? Yapo kwenye simu. Majina ya watu wote wa Ghalani. Watani wa Kiyao wamekuwa na sikukuu wiki nzima." Akampa simu yake atazame. Ilikuwa picha ya kioo cha kompyuta, majina yamepangwa safu mbili: la sasa kushoto, la utotoni kulia.

Zena aliitambua kompyuta kabla ya kuyatambua majina. Pembeni ya kioo palikuwa na ufa aliobishania bei na Sultani.

Akarudi Masasi bila kusema kitu. Hesabu yake ilikuwa fupi: yeye alinunua kitu halali, akauza kitu halali, na mdomo ni mali ya mwenyewe. Angekaa kimya mpaka leo kama Mzee Bwanali asingekwenda Ghalani kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho yake.

Mzee Bwanali alikuwa mtu wa Lisekese, mwembamba, mwenye shamba la mikorosho lililotunzwa kama uwanja wa kanisa. Alimkuta Selestina mezani.

"Salfa yako ilichukuliwa juzi, baba," Selestina akamwambia. "Ulipiga simu mwenyewe. Kijana wa pikipiki akaja."

"Mimi sikupiga."

"Ulinipa neno."

"Nilikupa neno siku ile ulipokuja nyumbani, ukakaa kwenye kigoda cha mke wangu. Tangu siku hiyo sijalisema. Sasa jana wajukuu wa jirani wameniimbia njia nzima. Mama Ethel, neno langu umempa nani?"

Selestina akamtazama, na kwa mara ya kwanza kutazama kwake hakukumsaidia.

Jioni ileile akashuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda cha Zena, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Twahiru, ile kompyuta uliiuza wapi?"

"Karibu kwanza. Unywe maji."

"Maji nitakunywa. Uliiuza wapi?"

Zena akaendelea kupitisha uzi kwenye sindano kubwa. "Kuna watu wangetaka kujua kabla yako na wangelipa. Mimi sitaki hela yako. Nataka oda yangu ya magunia isiguswe, hata mambo yakiwa mabaya huko kwenu."

"Mambo yakiwa mabaya, kutakuwa na cha kuweka ndani ya magunia?"

Hilo lilimpata Zena pale alipokuwa anajikwepa mwenyewe. Akaweka sindano chini. "Newala. Kwa Sultani wa steshenari. Kesho asubuhi tunakwenda."

Njiani Selestina alimweleza yote, bila kujitetea. Ilipokuja kompyuta mpya alitakiwa kuita fundi aisafishe ile ya zamani. Hakumwita. Fundi alikuwa kijana, tena mgeni kutoka mbali, na Selestina hakuweza kumwachia mtu kama huyo majina ambayo hata waume na wake hawatajiani. Kwa hiyo alifunga mlango, akafuta faili moja baada ya jingine kwa kidole chake, mpaka kioo kikabaki kitupu. Alivyoona kitupu, akajua kimekwisha.

"Kumbe vikifutwa havipotei, vinakwenda kwenye pipa la humohumo ndani," Zena akasema. Alilijua hilo kwa sababu ya picha za simu yake.

"Vinakwenda kwenye pipa," Selestina akakubali. "Na mimi nikauza pipa."

Sultani hakuwa jambazi. Alikuwa kijana mcheshi aliyekuta kitu cha kuchekesha, akapiga picha, akawatumia watani zake wanne watano. Kutoka hapo hakujua tena. Alipomwona Zena alitabasamu. Alipotajiwa mwenzake ni nani, tabasamu likaanguka.

"Shikamoo, mama. Mimi sikujua kama—"

"Marahaba. Jina lako la kabla ya jando ni nani?" Selestina akamuuliza.

Mteja aliyekuwa akichapiwa barua akainua kichwa. Sultani akatazama mlango.

"Mama, hapa kuna watu."

"Naona."

Akamtazama vilevile kama alivyomtazama Zena siku ya mzani. Sultani akaizima mashine, akachomoa nyaya, akaibeba mwenyewe hadi stendi. Zena alitaka kumrudishia pesa kidogo chini ya aliyolipa, kwa sababu ya uchakavu, na Sultani hakubisha. Ila kilichokuwa kwenye simu za watu hakikubebeka.

Mwenyekiti wa Ghalani, Mzee Edmund, alikuwa na mpango wake. Aliwaita Selestina na Zena ofisini, akafunga dirisha.

"Tutasema ni fitina ya majirani," akasema. Majirani ni chama kingine, ng'ambo ya barabara kuu, ambacho tangu zamani kiliwatamani wakulima wa Ghalani. "Tuseme wametunga majina. Nani atasimama mbele za watu kukiri kwamba lake ni la kweli?"

Zena aliitikia kwa kichwa kabla hajajizuia. Ni mpango ambao angeupanga mwenyewe. Gunia lenye kiraka unalipanga kiraka kikitazama ukutani. Mnunuzi akiligeuza, hapo ndipo mnazungumza.

"Mzee Bwanali ameshaligeuza," Selestina akasema, kama aliyemsikia akiwaza. "Salfa imechukuliwa kwa neno lake. Neno la kutungwa halifungui stoo yetu. Kila mtu atakayetafakari mpaka hapo atajua tumemdanganya mara ya pili. Na sheria ya taarifa za watu ipo, mwenyekiti, inatutaka tuseme. Itisha mkutano, au nitauitisha mimi."

"Watakutafuna."

"Watatafuna kilichopo."

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala lenyewe, tupu wakati ule wa mwaka, likinuka maganda ya msimu uliopita. Watu walijaa mpaka kwenye majukwaa ya kupakilia. Zena alikaa nyuma karibu na mlango. Hakuwa mwanachama, alikuwa amekuja kuangalia mali yake.

Selestina alisimama akaeleza: kilichopotea ni nini, kilipotelea wapi, na mkono uliokosea ni wa nani. Alisema kwamba lile neno halitumiki tena, kwamba kuanzia siku ile hakuna salfa itakayotolewa wala namba ya malipo itakayobadilishwa kwa simu, mtu aje na uso wake na mashahidi wawili wa kitongoji. Alisema Mzee Bwanali atapewa salfa nyingine kutoka fungu la ofisi. Hakulia, wala hakuinamisha kichwa.

Kelele zilianza upande wa wanawake.

"Mimi mkwe wangu ameniita! Mkwe wangu! Nitamtazama vipi?"

"Tulikupa wewe, Mama Ethel, hatukuipa kompyuta!"

Alfani, Myao mmoja mwenye mdomo mkubwa, akapaza sauti kutoka juu ya rundo la mbao: "Na la kwako je, katibu? Mbona kwenye picha la kwako halipo? Ulilificha?"

Watu wote wakamgeukia. Ni kweli halikuwepo. Yeye hakuwa mkulima mwanachama, alikuwa mwajiriwa.

"Makapi," Selestina akasema.

"Unasemaje?"

"Makapi. Waliotangulia walikufa watatu. Bibi akanipepeta kwenye ungo, akaniita Makapi. Hata sisi watu wa misheni tulikuwa na bibi."

Kicheko kilichopasuka hakikuwa cha huruma. Kilikuwa kicheko cha watani hasa, cha kupiga mapaja, na Alfani karibu aanguke kutoka juu ya mbao. Lakini kilipokwisha, kelele hazikurudi kama mwanzo. Mzee Bwanali ndiye aliyesimama.

"Tumecheka," akasema. "Sasa tuzungumze. Mtu akiniita kwa jina la porini ananilipa kuku. Aliyetuita safari hii ni nani? Yule mtoto wa Newala? Yeye ni mdomo tu. Aliyetuita ni chama. Basi chama kilipe. Kuku kwa kila jina."

"Kila jina!" ghala likaitikia.

Mzee Edmund akashika kichwa. Kuku wa majina yale yote wasingepatikana kuanzia Masasi mpaka mtoni Ruvuma, na kama wangepatikana, chama kingeuza paa kuwalipa. Selestina naye alijua mzee ana haki.

Hapo Zena akainuka. Hakuna aliyemwita. Ila aliwatazama watu wale akaona kitu ambacho katibu na mwenyekiti hawakukiona: mtu anayetaja bei bado yuko sokoni. Aliyekata tamaa na wewe hakudai kuku, anaondoka tu.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni muuza magunia, sina jina kwenye hiyo picha. Naomba niulize. Kuku mmoja mmoja, kila mtu akale kwake, mlango umefungwa. Nani atajua kwamba chama kimelipa? Jirani yako atasema wewe hukulipwa."

"Sasa wewe unasema nini?" Bwanali akauliza.

"Nasema mbuzi. Mbuzi mmoja kila kitongoji, achinjwe hadharani, chama kikiwa kimesimama pale na kutamka kosa lake. Kosa limefanyika hadharani, lilipwe hadharani."

"Mbuzi wawili," mtu akasema.

"Wawili mtakula mpaka muugue. Mmoja, na mchele juu."

"Na mafuta!"

"Na mafuta. Chumvi mje nayo."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Mzee Bwanali hakucheka. Alimtazama Zena kwa muda, akamtazama Selestina, akasema, "Na huyu asiwe na funguo za majina ya mtu tena. Asifukuzwe. Akae mahali tunapomwona."

Yakawa hivyo. Mbuzi walichinjwa kitongoji baada ya kitongoji, na kila mahali Selestina alisimama akalisema kosa kwa maneno yaleyale, bila kulipunguza alipochoka. Alikula pale alipopewa, na pengine hakupewa. Kazi ya katibu akapewa Reginald, mwalimu mstaafu ambaye hakupenda simu kabisa, na hilo lilihesabiwa kuwa sifa.

Msimu ulipofunguliwa, wakulima wa Lisekese na vitongoji vya karibu walirudi Ghalani na korosho zao. Wa mbali, waliokuja kwa kusikia sifa, wengi hawakurudi. Walikuwa wameisikia sifa nyingine, na mbuzi hawakuwafikia. Chama kilibaki hai, ila kikawa chama cha watu wanaokiona kwa macho. Mama aliyeitwa na mkwe wake alihama kijiji. Mzee wa choroko hakupatikana tena sokoni Newala. Mwanawe ndiye anayeuza.

Zena hakuuza magunia yote aliyokuwa ameshona. Yaliyobaki aliyapeleka kwa majirani ng'ambo ya barabara, ambao ghafla walikuwa na wakulima kuliko vyombo, na akawauzia kwa bei iliyofidia ya Ghalani na kuzidi kidogo. Kompyuta hakuna aliyetaka kuinunua tena. Alimwita fundi akauvunja moyo wake, ile diski inayotunza mafaili, kwa nyundo mbele ya Selestina, na boksi lililobaki analitumia kukandamizia magunia yasipeperuke.

Selestina sasa yuko mlangoni mwa ghala, kwenye mzani. Mshahara umeshuka, na watani wakipita humwita Makapi waziwazi. Hawezi kumdai mtu kuku, kwa sababu alilitoa mwenyewe. Lakini wakulima hawasogei kwenye mzani mwingine hata foleni yake ikiwa fupi. Wanasubiri wa kwake.

Mwaka uliofuata Zena alipeleka Ghalani mzigo wa magunia, akataja bei yake, nzuri, aliyoitayarisha njia nzima. Selestina, ambaye sasa ndiye anayepokea mizigo mlangoni, aliligeuza gunia la juu, akakiona kiraka. Hakusema kitu. Akamtazama tu.

Zena akapunguza.